Kwa nini mtu yuleyule leo anathubutu, kesho anaogopa? Ubongo unapimaje faida na hatari?

#1 Kinyonga

Habari zenu wakuu.

Tumezoea kumpachika mtu sifa ya kudumu: huyu jasiri, yule mwoga, huyu ana damu ya kamari, yule hathubutu kitu. Mimi nadai sifa hizo zinatupotosha. Mtu yuleyule, mwenye akili zake zilezile, ukimgeuzia mazingira kidogo tu anachagua kinyume cha alichochagua mwanzo, na wala hajui kwamba amegeuka.

Mfano maarufu ni wa Amos Tversky na Daniel Kahneman, mwaka 1981. Waliwaambia watu kuna ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600. Kundi la kwanza likapewa njia mbili. Moja itaokoa watu 200 kwa uhakika. Nyingine ina nafasi moja kati ya tatu ya kuwaokoa wote 600, na mbili kati ya tatu ya kutomwokoa hata mmoja. Asilimia 72 wakachukua uhakika. Kundi la pili likapewa hesabu hiyohiyo kwa lugha ya vifo: njia moja watakufa 400, nyingine ina nafasi moja kati ya tatu kwamba hatakufa mtu. Safari hii asilimia 78 wakachukua bahati nasibu. Hesabu haikubadilika hata chembe.

Dai langu: ubongo hauna orodha ya thamani iliyoandikwa mahali. Kila unapotakiwa kuamua unaipanga thamani papo hapo, kwa kutazama kilicho jirani: ulitarajia nini, umepoteza nini punde, nani anakutazama, umebakiwa na nafasi ngapi. Wenye ujuzi wa ubongo, wa takwimu, au mliopitia wenyewe, karibuni. Nataka kujua inatokeaje.

#2 Tarakimu

Mada nzuri, lakini tuanze na tahadhari. Jaribio hilo la watu 600 limerudiwa. Mwaka 2014 ulitoka mradi mkubwa uliorudia majaribio kadhaa ya saikolojia kwa makundi 36 na watu zaidi ya 6,000. Hili la ugonjwa lilisimama, ila athari yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya mwanzo. Kwa hiyo jambo lipo, tusilikuze tu.

Halafu kuna tundu ambalo watu hulipita. Ukisema "watu 200 wataokolewa" hujasema lolote kuhusu wale 400. Msikilizaji wa kawaida anaweza kuelewa "angalau 200". Ukisema "400 watakufa" anaelewa angalau 400. Hapo anayechagua tofauti hajageuzwa na maneno, amesikia habari mbili tofauti kweli. Kinyonga, kabla ya kuusingizia ubongo, hakikisha swali lenyewe ni moja.

#3 Mwalimu wa Baiolojia

Nimefurahi kuona uzi huu. Nitachangia upande wa seli.

Miaka ya 1990 Wolfram Schultz alipima seli za dopamini (kemikali ya ubongo inayopeleka ujumbe kati ya seli) za nyani. Nyani akipata tone la juisi bila kutegemea, seli zinawaka. Akishajifunza kwamba taa fulani hutangulia juisi, seli zinawaka kwa taa, na juisi yenyewe ikija, seli zinabaki kimya. Taa ikiwaka halafu juisi isije, mapigo ya seli yanashuka chini ya kawaida yake. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague waliunganisha matokeo hayo na hesabu za kujifunza: seli hizi hazitangazi kiasi cha zawadi, zinatangaza TOFAUTI kati ya kilichokuja na kilichotarajiwa.

Kwa hiyo muktadha umo ndani ya ishara yenyewe tangu mwanzo. Zawadi ileile inaweza kuwa habari njema, habari tupu, au habari mbaya.

Tena kuna kazi ya Tobler, Fiorillo na Schultz ya mwaka 2005. Nyani alipewa ishara tofauti, kila moja ikitangulia viwango viwili vya juisi. Seli ziliitikia kiwango kikubwa cha kila jozi karibu kwa nguvu ileile, ingawa kiwango kikubwa cha jozi moja kilikuwa tofauti sana na cha jozi nyingine. Seli ilikuwa inapima nafasi ya zawadi ndani ya jozi yake.

Maelezo ninayoyaamini ni haya: seli ya neva ina kikomo cha mapigo kwa sekunde. Ikitaka kutofautisha vitu vidogo na vikubwa kwa kipimo kimoja, itapoteza usahihi kote. Hivyo inajirekebisha kulingana na kilichopo, kama jicho linavyozoea giza na mwanga. Kinyonga anachokiita kugeuka, mimi nakiita kubana matumizi.

#4 Jua la Utosi

Mimi si msomi wa haya mambo ila nimeishi ndani yake. Nilikuwa mtu wa kubeti. Siku ikianza naweka dau dogo, timu ninazozijua. Mikeka ikianza kuchanika, kufika usiku naweka timu ambazo hata wachezaji wake siwajui, mradi malipo yake yarudishe kila kilichopotea. Asubuhi nikiangalia nilichofanya usiku naona kama kafanya mtu mwingine.

Na kinachouma zaidi ni mkeka kuchanwa na timu moja tu. Hapo hulali.

#5 Kinyonga

@Jua la Utosi pole ndugu, na asante kwa kuweka wazi. Ulichokieleza kilionekana zamani kwenye mbio za farasi: kadiri siku inavyokwisha, dau nyingi zaidi huenda kwa farasi wasiopewa nafasi. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wengi muda huo wako hasarani na farasi mwenye malipo makubwa ndiye pekee anayeweza kuwarudisha sifuri. Richard Thaler na Eric Johnson waliandika mwaka 1990 kuhusu pande mbili za jambo hili. Mtu aliyetoka kushinda hucheza kwa ulegevu kwa sababu anaona ni fedha ya wenye kamari, si yake. Aliyepoteza kwa kawaida huwa mwangalifu zaidi, isipokuwa mbele yake ikiwepo nafasi ya kurudi pale alipoanzia. Hiyo nafasi ya kurudi sifuri ndiyo inayovuta.

#6 Mwalimu wa Baiolojia

Kuhusu mkeka kuchanwa na timu moja: Luke Clark na wenzake, 2009, waliwaweka watu kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo ukifanya kazi, wakicheza mchezo unaofanana na mashine za kamari. "Kukosa kidogo" kuliwachukiza watu kuliko kukosa kabisa, lakini kuliwaongezea hamu ya kucheza tena, hasa pale walipochagua alama wenyewe. Na baadhi ya sehemu za ndani za ubongo zilizowaka kwa ushindi ziliwaka pia kwa kukosa kidogo. Yaani hasara ileile, lakini jirani yake ni ushindi, basi ubongo unaisoma vingine.

#7 Nesi wa Usiku

Naomba niongeze jambo la wodini. Wagonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka) hupewa dawa zinazoiga dopamini, mfano pramipeksoli. Inajulikana kitabibu kwamba kwa baadhi yao huleta tamaa isiyozuilika: kamari, kununua vitu ovyo, kula sana, ngono. Niliwahi kumhudumia mzee mmoja mtaratibu sana ambaye hakuwa na historia ya kamari. Baada ya dozi kuongezwa akaanza kucheza kwa siri. Familia ilidhani ni tabia aliyoificha miaka yote na walimhukumu vikali. Daktari alipopunguza dozi, hamu ikapungua.

Kila nikiona watu wanasema "tabia ni tabia" namkumbuka yule mzee. (Tafadhali: asiache mtu dawa kwa sababu ya uzi huu. Mwone daktari wako.)

#8 Chekecha

Samahani wakubwa, swali la mwanafunzi. Kumbe dopamini ndiyo raha yenyewe? Ikizidi unajisikia vizuri zaidi na unathubutu zaidi?

#9 Mwalimu wa Baiolojia

Hapana mdogo wangu, na hilo linaenezwa kila mahali. Mwaka 1954 James Olds na Peter Milner waliweka waya ndani ya ubongo wa panya, panya akawa anabonyeza kitufe mfululizo ili apate umeme. Watu wakahitimisha wamegundua kituo cha raha. Baadaye Kent Berridge na wenzake wakaonyesha kwamba panya aliyeondolewa karibu dopamini yake yote bado anaonyesha usoni kwamba anafurahia kitu kitamu akiwekewa mdomoni. Kinachopotea ni msukumo wa kukifuata. Kutaka na kufurahia ni mambo mawili. Mzee wa Nesi alisukumwa kutaka. Sina hakika kwamba alifurahia.

#10 Nesi wa Usiku

Hakufurahia. Alikuwa analia.

#11 Bingwa wa Drafti

Mnaenda ndani sana kwenye seli mpaka mnasahau mchezo wenyewe. Nikiwa mbele kete mbili, nabadilishana kete kwa kete na kufunga njia. Nikiwa nyuma kete mbili, natoa kafara na kufungua ubao. Hamna ubongo uliodanganyika hapo. Ukiwa nyuma, mchezo salama ni kushindwa kwa uhakika! Timu ya mpira iliyofungwa bao moja inampandisha kipa kwenye kona ya dakika za mwisho, na hakuna anayesema kocha amerukwa na akili. Kufungwa bao la pili hakumwongezei hasara yoyote.

Kwa hiyo mimi nasema Kinyonga umeona kitu cha kweli ukakipa jina baya. Lengo ndilo linaloamua hatari ipi ni ya busara.

#12 Chekecha

Bingwa ndiyo maana ukiwa nyuma kete mbili unafungwa haraka zaidi 😄

#13 Bingwa wa Drafti

@Chekecha njoo ubaoni, maneno tutayamalizia huko.

#14 Mwalimu wa Baiolojia

Bingwa ana hoja, na kuna jaribio linalomuunga mkono. Nils Kolling, Marco Wittmann na Matthew Rushworth, 2014. Watu walipewa lengo la pointi na idadi maalumu ya raundi. Kadiri raundi zilivyopungua huku lengo likiwa mbali, watu walichagua hatari zaidi, na sehemu za mbele za ubongo zilifuatilia hilo shinikizo raundi kwa raundi. Hapo muktadha unahesabiwa kwa makini sana.

Ila Bingwa, maelezo yako hayamgusi @Jua la Utosi. Kubeti hakuna filimbi ya mwisho. Kesho ipo. Nani alimwambia lazima arudi sifuri kabla ya saa sita usiku?

#15 Jua la Utosi

Hakuna aliyeniambia. Ila usiku ule unaonekana ndiyo mwisho. Sijui nieleze vipi. Ukilala na hasara inakuwa hasara kweli, ukiwa bado unacheza haijawa.

#16 Kinyonga

Wakuu someni tena #15 taratibu. Jinsi siku inavyokatwa kwenye kichwa cha mtu ndiko kunakoamua kama yuko mbele au nyuma. Huo ndio muktadha ninaousema, na hakuna kocha wala refa aliyeuweka.

#17 Ndege wa Mbali

Salaam. Napenda ndege, kwa hiyo nawaletea ndege. Mwaka 1980 Thomas Caraco na wenzake walichunguza ndege wadogo wa Amerika Kaskazini waitwao junco. Upande mmoja mbegu idadi ileile kila mara. Upande mwingine mara nyingi, mara hakuna, wastani ukiwa sawa. Ndege aliyekuwa anapata nishati ya kutosha alichagua uhakika. Aliyekuwa anakula chini ya mahitaji yake alichagua bahati nasibu. Sababu ni rahisi: kama uhakika haukufikishi asubuhi ukiwa hai, basi uhakika ni kifo. Kwa hiyo namuunga mkono Bingwa. Ni njaa na lengo, imeandikwa kwenye mwili kabla ya wachumi kuzaliwa.

#18 Tarakimu

@Ndege wa Mbali ni jaribio zuri, lakini usiishie 1980. Alex Kacelnik na Claire El Mouden walipitia utafiti wa miaka 30 hivi, wakaandika mwaka 2013 kwamba kanuni hiyo ya njaa haiungwi mkono vizuri na ushahidi uliokusanyika. Wakati mwingine inatokea, mara nyingi haitokei. Ni hadithi tamu mno, ndiyo maana imedumu vitabuni.

#19 Ndege wa Mbali

Sawa, nimeipokea hiyo ya 2013. Lakini basi mchukue na ya kwezi wa Ulaya, maana Kacelnik huyohuyo alikuwemo. Mwaka 2004 waliwafundisha kwezi alama mbili zenye zawadi sawa. Moja wakajifunza wakiwa na njaa, nyingine wakiwa wameshiba. Baadaye walipopewa kuchagua, wakapendelea ile waliyoifahamu wakati wa njaa, hata siku ambazo hawakuwa na njaa. Jambo kama hilo likaonekana kwa nzige mwaka 2006.

Hii inanigusa sana. Maana yake si hali ya sasa tu inayoamua. Ni hali uliyokuwa nayo siku ulipojifunza thamani ya kitu. Kilichokuokoa kwenye shida kinabaki na uzito ambao leo hakistahili.

#20 Mwalimu wa Baiolojia

Na kwa binadamu kuna kinachofanana. Stefano Palminteri na wenzake, 2015. Watu walijifunza jozi za alama: jozi nyingine unapata fedha au hupati, jozi nyingine unapoteza au hupotezi. Alama nzuri ya jozi ya hasara kazi yake ni kukuepusha tu, haikuingizii kitu. Lakini baadaye alama zilipochanganywa, watu waliithamini kupita inavyostahili, hata mbele ya alama zilizokuwa na faida zaidi kihesabu. Kwa sababu kwenye jozi yake ilikuwa bora.

#21 Dada Usukani

Nafundisha watu kuendesha gari. Mwanafunzi kijana akiwa na mimi peke yangu: taa ya njano anasimama. Siku rafiki zake wakikaa kiti cha nyuma, taa ileile anapita. Nikimuuliza anasema hakuwaza hata kuwaza. Kwa mtu mzima sioni tofauti kubwa hivyo.

Mmewataja nyani, ndege na nzige, hamjawataja marafiki.

#22 Kinyonga

@Dada Usukani umenifurahisha, na macho yako yako sawa. Margo Gardner na Laurence Steinberg, 2005, walitumia mchezo wa gari na taa za barabarani kwenye kompyuta, watu 306 wa rika tatu. Kuwepo kwa wenzao kuliongeza kujihatarisha, na athari ilikuwa kubwa kwa vijana kuliko kwa watu wazima. Mwaka 2011 Jason Chein na wenzake wakarudia wazo hilo ndani ya MRI. Vijana walipojua marafiki wanawatazama, maeneo ya ubongo yanayohusika na zawadi yaliwaka zaidi. Breki hazikuwa zimelegea kwa namna iliyoonekana; mafuta ndiyo yaliongezwa.

#23 Tarakimu

Na jaribio hilo la 2011 lilikuwa na watu wachache, kama majaribio mengi ya MRI ya zama hizo. Nasema tu ili mtu asiende kuliapia. La 2005 naliamini zaidi.

#24 Shahidi wa Pili

Nimechelewa lakini nimesoma yote. Mnakumbuka ule utafiti wa majaji wa Israel, 2011? Maombi ya wafungwa ya kuachiwa mapema yalikubaliwa kwa takriban asilimia 65 mwanzo wa kikao, yakashuka karibu sifuri kuelekea mapumziko, halafu baada ya kula yakarudi asilimia 65. Jaji akichoka anachagua njia isiyo na hatari kwake: mfungwa abaki ndani. Kwangu hakuna ushahidi mzito kuliko huu, maana hapa si pointi za mchezo, ni maisha ya watu.

#25 Tarakimu

@Shahidi wa Pili huo ndio ninaowaomba watu wauache. Mwaka huohuo wa 2011 Keren Weinshall-Margel na John Shapard waliujibu. Mpangilio wa kesi haukuwa wa bahati nasibu. Wafungwa wasio na wakili kwa kawaida waliwekwa mwishoni kabla ya mapumziko, na wasio na wakili hukataliwa zaidi muda wowote wa siku. Tena kesi inayoelekea kukubaliwa huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo jaji anayeona mapumziko yamekaribia anaweza kuepuka kuianza. Uchovu unaweza kuwa na sehemu, lakini kutoka asilimia 65 hadi karibu sifuri kwa sababu ya njaa? Ukubwa huo wenyewe ungepaswa kututia shaka.

#26 Shahidi wa Pili

Lakini hata hiyo ni muktadha! Nafasi ya kesi kwenye foleni, kuwepo kwa wakili, saa ya mapumziko. Mfungwa yuleyule akipangwa kwingine anaweza kupata jibu lingine.

#27 Tarakimu

Ni muktadha wa mahakama, si wa ubongo. Uzi unauliza ubongo.

#28 Shahidi wa Pili

Ubongo wa jaji unakaa wapi kama si mahakamani?

#29 Mzee wa Mstari

Nawasoma kimya tangu jana. Naona mmemsahau mtu mwenyewe. Tunao ndugu walewale tangu utotoni, mmoja alipanda kila mti, mwingine alisubiri chini. Miaka 50 imepita wako vilevile. Mtaniambia hakuna jasiri wala mwoga?

Tena sahihisho dogo kwa wanaopenda kuwataja Tversky na Kahneman pamoja kwenye Nobeli: tuzo ya 2002 ilikwenda kwa Kahneman na Vernon Smith. Tversky alikuwa amefariki mwaka 1996.

#30 Tarakimu

Shikamoo mzee. Una ushahidi upande wako. Renato Frey na wenzake, 2017, walipima watu 1,507 kwa vipimo 39 vya kujihatarisha. Walipouliza watu kuhusu maisha yao, ilijitokeza tabia moja ya jumla iliyobaki ileile hata baada ya miezi sita. Lakini vipimo vya michezo ya maabara havikukubaliana hata vyenyewe kwa vyenyewe.

#31 Kinyonga

Shikamoo mzee. Hapo kila mtu anaweza kudai kashinda. Mzee atasema tabia ipo. Mimi nitasema tazama michezo ya maabara: kila mchezo ni muktadha wake, na mtu anabadilika kila unapoubadilisha. Inawezekana ukimuuliza mtu "wewe ni mthubutu?" anakupa wastani wa maisha yake, na kile kinachotokea saa tatu usiku mbele ya mkeka hakimo kwenye wastani.

#32 Mzee wa Mstari

Marahaba wanangu. Wastani wa mtu ndiye mtu.

#33 Chekecha

Mwalimu, nimerudi kwenye #3. Umesema seli zina kikomo na zinabana matumizi. Je, hii imethibitishwa kwa binadamu, au ni nyani tu?

#34 Mwalimu wa Baiolojia

Swali zuri. Kenway Louie, Mel Khaw na Paul Glimcher, 2013, walionyesha kwa nyani na kwa watu kwamba ukiongeza chaguo la tatu lisilovutia, ubora wa kuchagua kati ya yale mawili mazuri hubadilika kulingana na thamani ya lile la tatu. Maelezo yao: ubongo unagawa kila thamani kwa jumla ya thamani zote zilizopo mezani. Meza ikijaa, tofauti kati ya vizuri viwili inafifia.

#35 Tarakimu

Na mwaka 2020 Sebastian Gluth na wenzake walirudia kazi ya aina hiyo kwa watu, wakakuta mgawanyo huo haujitokezi. Kilichojitokeza ni kwamba macho huvutwa na chaguo lenye thamani na kupoteza muda hapo. Yaani ni umakini, si kugawanya. Mwalimu, nadharia yako ya seli ni nzuri, lakini kutoka seli ya nyani hadi mtu dukani kuna madaraja mengi ambayo bado hayajajengwa.

#36 Ndege wa Mbali

Subirini niwatoe nje ya ubongo kabisa. Kuna kiumbe kiitwacho *Physarum polycephalum*, ute wa manjano unaotambaa juu ya magogo yaliyooza. Ni seli moja kubwa. Hakina ubongo, hakina seli hata moja ya neva. Tanya Latty na Madeleine Beekman wa Sydney, 2011, walikipa chaguo: chakula kizito penye mwanga, ambao ni hatari kwake, au chakula hafifu gizani. Wakaongeza chaguo la tatu baya zaidi. Upendeleo wake kati ya yale mawili ya mwanzo ukabadilika!

Sasa niambieni: dopamini iko wapi hapo? Amigdala, ile sehemu ya ubongo inayohusika na hofu? Marafiki wa kiti cha nyuma? Nadhani kulinganisha ni kitu cha kale kuliko ubongo. Kiumbe chochote kinachopima kwa bei nafuu kitalinganisha.

#37 Mwalimu wa Baiolojia

Hiyo inanipa mimi nguvu zaidi kuliko wewe unavyodhani. Kubana matumizi hakuhitaji neva.

#38 Bingwa wa Drafti

Mimi bado niko kwenye lengo. Ute nao una lengo.

#39 Nesi wa Usiku

Mmetaja amigdala juujuu. Kuna anayejua zaidi? Maana wodini nikimwambia mgonjwa "upasuaji huu 90 kati ya 100 wanapona" uso unatulia. Nikisema "10 kati ya 100 hawaponi" uso unabadilika kabla hajafikiri chochote. Hiyo si hesabu. Ni hofu.

#40 Kinyonga

Benedetto De Martino na wenzake, London, 2006, walitafuta hilohilo. Mtu anapewa pauni 50, kisha anaambiwa "baki na 20" au "poteza 30", ambayo ni sawasawa, au acheze kamari kwa zote. Kwa lugha ya kubaki walicheza takriban asilimia 43 ya mara. Kwa lugha ya kupoteza asilimia 62. Amigdala iliwaka pale mtu alipofuata mkondo wa maneno. Na waliokuwa wagumu kuyumbishwa na maneno walionyesha kazi zaidi kwenye gamba la ubongo lililo juu ya macho. Walikuwa watu 20, @Tarakimu, nimeitaja kabla hujaitaja.

#41 Tarakimu

Umenikomesha 😄 Ila kuna jingine linaloendana na hofu ya Nesi. Boaz Keysar na wenzake, 2012, waliwauliza watu lile swali la ugonjwa kwa lugha ya kigeni waliyojifunza. Athari ya maneno ikatoweka. Wenye nadharia ya hofu wanasema lugha ya kujifunza haigusi moyo. Wengine wanasema inakulazimisha tu kusoma polepole. Data ileile, maelezo mawili.

#42 Dada Usukani

@Nesi wa Usiku wewe mwenyewe unaionaje ile asilimia 10?

#43 Nesi wa Usiku

Kusema kweli dada, siisikii kama wao. Wengi niliowahudumia walipona, kwa hiyo kichwani mwangu hatari hiyo ni ndogo kuliko ilivyo kwenye karatasi. Mgonjwa ameisoma, mimi nimeiishi.

#44 Tarakimu

Hicho kina utafiti wake. Ralph Hertwig na wenzake, 2004. Tukio adimu likiandikwa kwa namba, watu hulipa uzito kupita kiasi. Likijifunzwa kwa kujaribu mara kwa mara, hulipa uzito pungufu, kwa sehemu kwa sababu kwenye mara chache ulizojaribu huenda hukukutana nalo. Kwa hiyo daktari na mgonjwa wanaweza kuitazama hatari moja na kila mmoja akamshangaa mwenzake.

#45 Jua la Utosi

Nawashukuru wote. Swali langu ni la vitendo. Kama usiku ndio unanibadilisha, kuna kitu kilichowahi kuonekana kinampunguzia mtu ile kasi?

#46 Ndege wa Mbali

Kwa nyani, ndiyo. Ben Hayden na Michael Platt, 2007. Nyani aina ya rhesus walipenda sana bahati nasibu pale chaguo zilipofuatana kwa haraka, kila sekunde chache. Muda wa kusubiri kati ya chaguo moja na jingine ulivyorefushwa, hamu ya kujihatarisha ilipungua. Maelezo yao ni kwamba raundi zikifuatana haraka, nyani anaona ushindi mkubwa uko karibu tu hata akikosa mara hii. Ukirefusha, ushindi unasogea mbali na uhakika unapata thamani.

#47 Bingwa wa Drafti

Hii naikubali. Drafti ya saa ndefu na ya dakika moja ni michezo miwili.

#48 Nesi wa Usiku

@Jua la Utosi kusubiri kunasaidia, lakini usibaki peke yako na jambo hili. Mwambie mtu mmoja wa karibu aone matumizi yako, na wapo washauri wanaoshughulika na kamari tu. Niandikie faragha nikuelekeze namna ya kuanza.

#49 Tarakimu

@Ndege wa Mbali, swali kuhusu #46. Nyani akisubiri muda mrefu, anapata zawadi chache kwa saa. Kwa hiyo hali yake ya njaa au kiu nayo inabadilika. Tutajuaje kwamba ni muda uliomtuliza, na si kiu? Na ikiwa ni kiu, mbona inamvuta kwenye uhakika, wakati kwa junco wako wa 1980 upungufu uliwavuta kwenye bahati nasibu?

#50 Ndege wa Mbali

Hapo umenipa kazi. Mwalimu, unaweza kulijibu hilo kutoka upande wa dopamini?